Fainali ya Barafu Imeniponyoka

Filipo, haki ya mama hili ni la kweli, hata chumvi sijatia.

Unajua leo saa kumi ni fainali ya akina dada wanaocheza kwenye barafu. Mwezi mzima naisubiri. Mara mtani wangu Hashimu huyo, anataka tuweke mpira kwenye TV.

Nikamwambia mchezo huu nimeucheza mwenyewe, nilipopelekwa Urusi kusomea reli. Kuzunguka bila kupata kizunguzungu ni ujanja wa shingo tu.

Akasema, "Basi mtani, zunguka mara sita, halafu nenda kakae kwenye kiti chako. Ukikikosa, rimoti yangu."

Nikavaa soksi, vigae vya sakafu vinateleza. Filipo, nilizunguka kama pia. Zote sita. Mikono juu, tabasamu kwa majaji.

Kisha nikaenda kukaa, na nikakaa vizuri kabisa. Mapajani kwa Hashimu.

Mapajani, Filipo.

Akaniuliza taratibu, "Huko Urusi mlikuwa mnakalia watu?"

Angelina wangu akadakia toka jikoni, "Urusi ipi? Treni ya huyu iliishia Bahi, hapo Dodoma tu."

Rimoti nimemkabidhi kwa mikono miwili. Dada wa Japani anaruka huko sasa hivi, na mimi naangalia watu wakipiga kona.