Wandegeya Inaishia Wapi

Jumatatu, 4 Machi
Mvua imenikuta katikati ya chapati. Turubai linavuja pale pale juu ya kikaango, kana kwamba limeajiriwa. Wanafunzi wa hosteli hawakuvuka mtaro ulio kati yetu, ubao wa kuvukia unateleza. Mwalimu wetu wa jiografia, darasa la jioni, alisema umbali haupimwi kwa mita peke yake, hupimwa kwa usumbufu pia. Nilitaka kumpigia makofi. Siku kavu wateja wangu wako hatua chache. Leo walikuwa Nairobi, kule kwetu Kenya.

Habari njema: chama cha wauza vyakula wa Wandegeya, mtaa huu wa Kampala, kinajenga banda la mabati, na bomba la maji ndani. Nataka nafasi mle. Naitaka sana.

Jumanne, 5 Machi
Hajati Mariamu ndiye mwenyekiti wa chama. Mnubi wa Old Kampala, muuza sambusa, sauti ya afande. Nimemwomba nafasi. Amesimama upande wa pili wa mtaro, akaninyooshea kidole. "Nnyabo, wewe iko ng'ambo. Hapo si Wandegeya." Nnyabo ni "mama" kwa Kiganda, la kumwita mtu usiyemjua.

Basi. Kamati itaamua Jumamosi. Nimekasirika hadi nikaunguza chapati mbili. Na kama si Wandegeya, niko wapi? Hilo hakusema.

Alhamisi, 7 Machi
Darasani: kuna maeneo yenye mipaka ya serikali, na kuna mengine yaliyo vichwani mwa watu tu. Kazi ya nyumbani: chagua mtaa, waulize watu unaishia wapi, chora mstari. Wenzangu walikuna vichwa. Mimi nilishachagua kabla mwalimu hajafunga mdomo.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeuliza kila aliyepita. Mwenye fotokopi anasema Wandegeya inaishia mlangoni kwake. Mwenye vyumba vya kupangisha, kule mbali kabisa, anaapa kwake bado ni Wandegeya, maana kodi anayotoza ni ya Wandegeya. Kinyozi anasema inategemea. Polisi wakija kumtafuta mtu, yeye hakai Wandegeya. Nimecheka mpaka machozi.

Ila wengi wanasema mtaro. Wengi mno.

Nimechora. Mstari umepita mtaroni, kibanda changu kimebaki nje. Nilishika kifutio, nikakiweka chini. Kalamu ni yangu, mstari ni wa watu. Lakini inauma.

Jumamosi, 9 Machi
Ngoja niandike polepole, bado nacheka.

Kabla ya mkutano Hajati alivuka na wanakamati wawili kuniambia nisijisumbue kuhudhuria. Hata hawajamaliza salamu, mvua ikashuka. Wakabanana chini ya turubai langu. Siwezi kuwatazama watu wana njaa, hata wakiwa wamekuja kunifukuza. Nikakaanga mayai, nikayakunja ndani ya chapati, zile wenyeji wanaziita roleksi. Wakala. Wakaomba tena.

Hajati alikuwa na ya pili mdomoni simu yake ilipolia. Mumewe, Haji, anauliza yuko wapi.

"Mimi iko hapa Wandegeya," akajibu kwa sauti ile ile ya afande. "Nakula."

Mwanakamati mmoja akautazama mtaro. Mwenzake akaanza kucheka, akapaliwa na yai, tukampiga mgongoni. Hajati akanitazama, akaitazama chapati.

"We Mkenya, usipeleke hii kwa shule yako."

Kisha akacheka yeye mwenyewe, tumbo zima likicheza. Mkutano ukafanyika pale pale kwenye benchi langu. Nimekubaliwa. Nina furaha ya kijinga, nimeimba njia nzima.

Jumanne, 12 Machi
Nimepeleka kazi. Mstari wa mtaro sikuugusa. Nje yake nimechora wa pili, wa nukta nukta: pale watu wanaposema wako Wandegeya bila mtu kuwauliza mpaka. Jina la Hajati sikulitaja. Mwalimu aliuangalia ule wa nukta muda mrefu, akauliza nimeupata kwenye kitabu gani. Nikasema kikaangoni.

Jumatano, 3 Aprili
Asubuhi ya kwanza bandani. Bomba linatoa maji. Mabati yananguruma kwa mvua, sisikii hata mafuta yakichemka. Hajati yuko kushoto kwangu na sambusa zake. Amenyoosha mkono bila kugeuka, akasema, "Chumvi." Hakuniita nnyabo, hakuomba. Nimempa kopo zima.