Betri ya Saa ya Hita

Mjukuu wangu Eriki,

Huku Rosettenville tu wazima, na bibi yako anauliza kama unakula. Unasema huko chuoni umeme ukikatika, ile saa inayowasha na kuzima hita ya maji inapoteza majira, nawe unamshuku mwenzako wa chumbani. Mwache kwanza.

Ujanani nilipanga mtaa wa jirani, La Rochelle, nyumba ya watu wengi. Hita ikawa inawaka mchana na kuzima alfajiri, wakati wa kuoga. Mwenye nyumba akadai msichana wa chumba cha nyuma anaichezea, akamwambia ahame. Nikafungua kifuniko cha saa yake: betri ndogo ya kutunza majira umeme ukikatika ilikuwa imekufa. Nikaweka mpya, nikazima swichi kubwa mwenye nyumba akiona, nikawasha tena. Saa haikupoteza majira. "Eish," akasema, akaondoka.

Badilisha betri. Yule msichana hakuhama. Ndiye huyu anayeuliza kama unakula.

Babu yako