Nafula Anatafutiwa Shahidi

Jumatatu, 12 Mei

Nimekama ng'ombe. Chai bila sukari, amri ya daktari, mtu mbaya yule. Mjukuu wangu Nekesa, wa Gredi ya Nane, akaja na kalamu. Mwalimu wao anawafundisha kuorodhesha vyanzo vya habari: kitabu, gazeti, hata mtu. Chini ya kila chanzo unaandika kinasema nini na kama kinaaminika. Yeye anaandika jinsi watu walivyoingia Lumakanda mashamba ya wazungu yalipogawanywa. Mimi ni chanzo. Mimi wa darasa la tano! Akauliza nilichapishwa mwaka gani. Nikamwambia mwaka wa nzige.

Jumanne, 13 Mei

Nimesimulia. Tulivyofika na bibi yake, marehemu Nafula, tukalima na ng'ombe mmoja wa kuazima. Mmoja! Jembe lile la kukokotwa linataka wawili. Nafula akajifunga kamba upande wa pili. Majirani walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi pia nilikuwa nacheka leo. Halafu sikuwa nacheka.

Alhamisi, 15 Mei

Nimekasirika. Nekesa ameandika chini ya jina langu: "Kuka, babu yangu, ni mcheshi lakini anaongezanga chumvi." Mwalimu naye amesema chanzo cha namna hiyo kisipopata mwingine wa kukiunga mkono, kifutwe. Kazi inakusanywa Jumatatu.

Yaani Nafula afutwe. Kaunti hii yote ya Kakamega hajaandikwa popote, ila kwa msalaba wa kaburi. Waliocheka siku ile wote wamezikwa. Sikula.

Ijumaa, 16 Mei

Bado hasira. Nimemkumbuka Rosa, dada yake Nafula, kule Chekalini. Alikuwa anaishi na sisi msimu ule. Hatujaongea tangu matanga ya Nafula. Nilisema chai yake ni maji ya kuoshea vikombe. Ilikuwa kweli.

Jumamosi, 17 Mei

Tumeenda, mimi na Nekesa. Rosa akanitazama juu mpaka chini.

"Shemeji, kumbe hujafa?"

"Nakungoja utangulie."

Akatuchinjia ingokho, yaani kuku. Nekesa akamuuliza habari ya ng'ombe. Rosa akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Ni kweli, ng'ombe alikuwa mmoja. Ila aliyefungwa kamba ni mimi! Nafula ndiye aliyeshika jembe, akipiga kelele, "Kushoto! Kushoto, nyinyi wawili!"

Aliigiza sauti yenyewe ya Nafula. Nikageuka kutazama mlango kama mjinga.

Miaka yote hii nimesimulia kinyume, hata mimi nikaamini. Hasara tupu. Hii ya kweli ni tamu zaidi.

Jumapili, 18 Mei

Nekesa amemaliza. Amenisomea: "Rosa, dada ya bibi yangu Nafula. Anakubaliana na Kuka kuhusu ng'ombe, si kuhusu kamba. Namwamini zaidi."

Hata mimi ningemwamini. Nafula amebaki kwenye karatasi.

Mvua ya jioni. Nimemwambia sikusikia vizuri, arudie pale penye jina. Amerudia. Nimemwambia bado sijasikia.