Mwenyeji Huonja Kwanza

Mombasa, 3 Machi 2025

Baba mpenzi,

Asalam aleikum. Mimi mzima, hofu yangu ni goti lako na ubishi wako na redio. Mama hajambo?

Kazi yangu ya kupima uchafu wa bahari imeingia mdudu. Bomba la kiwanda cha ngozi linamwaga maji machafu pale pale wanawake wanapookota chaza. Maji yakipwa, vipimo vyangu vinatisha. Sasa mkubwa wangu anataka tuchote bahari ikiwa imejaa, uchafu umezimuliwa, kisha nisaini kwamba chaza ni salama. Nikikataa, mkataba umekwisha. Nifanye nini?

Binti yako,
Madina

Koboko, 19 Machi

Binti yangu,

Waaleikum salaam. Goti linauma, mdomo mzima. Mama anakutumia simsim. Usimpe mkubwa wako.

Nilimsomea jirani yetu Sebit barua yako. Akasema, "Bahari iko kubwa, uchafu iko kidogo." Nikamuuliza kama angekunywa chai niliyoitemea mate kidogo. Amenuna mpaka leo.

Kuzimua sumu ni wizi uliovaa koti jeupe! Wewe si umekulia hapa? Mgeni hapokei kikombe kabla mwenyeji hajaonja mbele yake. Anayesema chakula ni salama, aanze yeye. Usisaini. Shamba letu la Lurujo halidai mkataba.

Baba yako

Mombasa, 2 Aprili

Baba,

Salamu nyingi. Simsim niliimaliza siku ile ile.

Jana mkubwa aliwaita wanawake awasomee ile ripoti niliyokataa kuisaini. Nikamletea sahani ya chaza waliookotwa chini ya bomba. "Kwetu mwenyeji huonja kwanza. Karibu."

Akasema, "Tumbo langu halijakaa sawa."

Bi Mwanaisha, mwokota chaza, akaangua kicheko: "Limeharibika hata kabla hujala?"

Akamsogezea sahani. Mkubwa akaisukuma, ikaanguka. Hakuna aliyengoja ripoti. Wanawake walikwenda na ndoo zao kukaa langoni mwa kiwanda. Wako huko mpaka sasa, wanataka bomba lifungwe.

Mkataba wangu umekwisha. Naona haya kurudi mikono mitupu.

Binti yako

Koboko, 14 Aprili

Mwanangu,

Haya ni ya mkubwa wako, mwachie mwenyewe. Kwa Bi Mwanaisha fikisha salamu zangu, huyo tungeelewana.

Panda basi. Mama anajaribu kila siku ile mboga ya karanga uipendayo. Sebit amerudi, ananuna huku anatafuna. Chungu nimekifunua mara nyingi kuliko ninavyoruhusiwa.

Nimeonja, binti yangu. Ni salama. Njoo ule.

Baba yako