Bomu kwenye Mawe ya Wagenia

Jumanne

Damu bado inamtoka mume wangu kinywani. Asubuhi askari wawili walirusha bomu kwenye maporomoko ya mto, chini ya mitego yetu sisi Wagenia. Samaki wakaelea, hata vitoto vidogo kama kidole.

Mume wangu akamwambia mkubwa wao kwa heshima: "Citoyen, samaki inazaa humu ndani ya mawe. Mukiyaacha, tutakula wote kila mwaka. Mukilipua, iko ya leo tu."

Huyo mkubwa akamvunja meno kwa kitako cha bunduki. Kisha akachomoa bomu la pili. Likamlipukia mkononi, akaanguka majini.

Aliyeruka kumtoa ni mume wangu. Mimi nilipiga kelele: "Muache azame!"

Askari ataishi. Wenzake watarudi na mabomu yao, na mimi bado natamani angezama.