Siku Niliyomziba Mama Mdomo

Dada Nekesa,

Natumai hapo Kitengela mko salama na mtoto amepunguza kukohoa. Sisi tuko hai, na silisemi hilo kwa mazoea.

Leo asubuhi tulipanda mashua hapa Ziwa Naivasha. Nilikagua jaketi za kuelea mara tatu, Baba akanicheka: "Wewe, hapa si forodhani kwako Namanga." Tukiwa katikati ya ziwa, injini ikazima. Hatua chache mbele yetu kiboko akatoa kichwa, akatukazia macho. Mama, unavyomjua, akaanza kuimba kwa ile sauti yake ya kwaya. Mwenye mashua akanong'ona, "Mama, nyamaza tafadhali, huyo ako na mtoto." Mama akapandisha sauti. Basi, dada, nikamziba mdomo kwa mkono wangu. Mama yetu! Niliusikia wimbo ukiendelea ndani ya kiganja changu. Kiboko akazama, na hatukujua yuko upande gani mpaka injini ikawaka.

Tulirudi kwenye hema letu kando ya ziwa. Nilikaa nikingoja kukaripiwa. Jioni alipopakua kuku, alichukua firigisi ya Baba, ile ya mwenye nyumba ambayo mimi na wewe hatujawahi kuionja, akaiweka kwenye sahani yangu mbele ya wote. Nikamtazama Baba.

"Kula haraka," akasema, "kabla sijakumbuka ni yangu."

Nimeila, dada, yote. Nibusie mtoto, na ufunge geti mapema.

Mdogo wako,
Nafula