Nilivyolinadi Toleo Jipya la Neema

Mwanangu Neema katoa toleo la pili la ule mchezo wake wa mezani! Hamjambo huko Songea, mdogo wangu Paskalina? Mimi huku Mtwara joto linanikaanga na korosho zinaninenepesha.

Mchezo wenyewe unaujua: watu wanaizunguka meza, kila mmoja anajifanya mtu wa kwenye hadithi, na dadu ndiyo inaamua yatakayompata. Jana pale Chikongola Neema aliwaonyesha toleo jipya wachezaji wake wa siku zote, ndio anaowategemea walinunue. Mtoto ananong'ona kama yuko kanisani! Basi mimi, bingwa wa kuuza vitenge, nikanadi kama dukani kwangu: "Chukueni hili! Lile la kwanza limeshapauka, katupeni!"

Dada mmoja akalikumbatia boksi lake lililochakaa. "Kwa hiyo mama, siku zote tunacheza takataka?" Wenzake wakaanza kubeba mikoba. Mdomo wangu huu, Paskalina!

Neema akawaambia taratibu, "Wahusika wenu wa zamani wanaingia na humu, na makovu yao yote. Mkaribisheni mama mezani, tujaribu." Nikajitangaza malkia wa Ruvuma. Nikarusha dadu mara moja tu, mamba akanimeza na taji langu. Walicheka mpaka wakakaa tena, na yule dada akawa wa kwanza kuagiza. Akili zile kazitoa kwangu.

Nawapenda nyote, hata shemeji mkorofi. Uzinduzi ni nyumbani kwa Neema, Mtawanya, na nimeshatangaza kwamba ukoo mzima unakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi.